Kipindi cha pili, dakika ya 30: shajara ya kujifunza Kijapani kwa njia ya mpira

Siku ya 1

Huu ni mwaka wa pili najifunza Kijapani, na kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina ambazo kila moja hubeba maana, zinanishinda. Hiragana na katakana, herufi za sauti tu, zilikaa kichwani tangu miezi ya mwanzo, nazisoma bila kusita. Kanji nazikariri leo, kesho nusu zimeondoka, na wiki ikipita ni kama hatujawahi kuonana. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyopanuliwa mwaka 2010, ina herufi 2,136. Jana nilijipima kwa uaminifu: ninazozijua kweli ni 180.

Kichwa hicho hicho kinakumbuka, bila kutumwa, kwamba kwenye Kombe la Dunia la 2022 Ujerumani ilitangulia kuifunga Japani kwa penalti ya İlkay Gündoğan dakika ya 33, Ritsu Dōan akasawazisha dakika ya 75, na Takuma Asano akapachika la ushindi dakika ya 83. Sikukaa chini kuyakariri haya. Niliitazama mechi mara moja, nikaisimulia mara nyingi.

Basi huu ndio mradi. Siku 90, dakika 40 kwa siku, na kila neno jipya liingie kwa mlango wa mpira. Lengo ni kusoma ripoti ya mechi kwa Kijapani, mwanzo hadi mwisho, bila kufungua kamusi zaidi ya mara 10.

Siku ya 4

Nimepanga kikosi. Vitenzi 11, kila kimoja kimevaa jezi ya mchezaji wa timu ninayoipenda. Winga wa kulia amepewa 洗う, *arau*, kuosha. Beki wa kati amepewa 選ぶ, *erabu*, kuchagua. Beki wa kushoto, aliyekuja kwetu kwa mkopo, amepewa 借りる, *kariru*, kuazima. Kipa wa akiba, ambaye msimu mzima yuko benchi, amepewa 待つ, *matsu*, kungoja. Nimechora uwanja, nimeandika majina, inapendeza kuitazama.

Siku ya 9

Nimejipima bila kuangalia mchoro. Kati ya 11 nimekumbuka viwili, *kariru* na *matsu*. Vingine vyote vimepotea, na mbaya zaidi, winga wa kulia nikimwona uwanjani najua kuna neno nilimpa lakini neno lenyewe silioni.

Siku ya 10

Nimelala nikiwaza kwa nini viwili vile vilibaki. Jibu liko wazi ukilitazama: vile viwili vilikuwa na sababu ya kuwa pale. Mchezaji wa mkopo ameazimwa kweli. Kipa wa akiba anangoja kweli. Winga wangu haoshi chochote.

Kuna utafiti wa Uingereza ambao sasa naona ulikuwa unasema hili hili. Mwaka 1981 mwanasaikolojia Peter Morris na wenzake waliwapa watu matokeo mapya ya mechi, kisha wakapima kila mmoja amekumbuka mangapi. Aliyekuwa na ujuzi mkubwa wa mpira alikumbuka mengi zaidi. Mwaka 1985 wakaongeza jambo: pembeni ya matokeo ya kweli wakaweka matokeo ya kubuni, timu zile zile na namba za aina ile ile. Kwenye yale ya kubuni, faida ya ujuzi ilipungua sana. Shabiki hakuwa na kumbukumbu nzuri ya namba. Alikuwa anajua bao lile limefanya nini kwenye msimamo wa ligi, na kwa hiyo lilipata mahali pa kukaa.

Mchoro wangu wa jezi ulikuwa matokeo ya kubuni. Nimeufuta. Kuanzia kesho sivalishi maneno jezi. Nitakwenda kuyatafuta pale ambapo tayari yana kazi.

Siku ya 13

Siku bora kabisa tangu nianze.

Nimetafuta ripoti ya Kijapani ya ile mechi ya Novemba 23, 2022. Nimeichagua kwa sababu moja: ripoti haikuwa na jambo la kuniambia nisilolijua. Wafungaji nawajua, mpangilio wa mabao naujua, pembe finyu aliyopigia Asano hadi mpira ukampita kipa Neuer bado naiona. Kisichojulikana kilikuwa lugha peke yake.

Orodha ya mabao inaanza na 前半33分. Sawa, hiyo ni penalti. Mstari wa pili: 後半30分, 堂安. Hapo nikasimama. Dōan alifunga dakika ya 75, si ya 30. Kwanza nilidhani nimesoma jina vibaya, kisha nikaanza kuishuku ripoti. Nikashuka mstari wa tatu: 後半38分, 浅野. Asano ni dakika ya 83. Nikatoa 30 kwenye 75, nikatoa 38 kwenye 83. Kote 45.

Wajapani hawa hawaendelezi hesabu. Kipindi cha pili kinaanza upya kutoka sifuri. 前半, *zenhan*, ni nusu ya mbele, na 後半, *kōhan*, ni nusu ya nyuma. Bao la Dōan limeingia dakika ya 30 ya nusu ya nyuma. Herufi 前, 後 na 半 nilikuwa nimezikariri na kuzisahau mara nne au tano kwenye orodha. Leo nimezipata kwa kubishana nazo, nikiwa na uhakika kwamba mimi ndiye ninayejua ukweli wa mechi na wao wamekosea.

Ripoti hiyo hiyo imenipa 先制, *sensei*, kutangulia kufunga, na 同点, *dōten*, pointi sawa, yaani kusawazisha. Na imenipa neno ninalolipenda kuliko yote mpaka sasa: 逆転, *gyakuten*. 逆 ni kinyume, 転 ni kugeuka au kubingirika. Ndiyo kupindua matokeo kwetu. Sikuhitaji kuliandika mara mbili.

Siku ya 14

Herufi zote za jana zipo. Nimeziandika kwa mkono bila kutazama.

Siku ya 21

Wiki hii nimekuwa kwenye majina ya wachezaji, na nasikitika kwamba kwa mwaka mzima niliyaruka kana kwamba majina si maneno. 長友, Nagatomo, beki wa pembeni aliyecheza Kombe la Dunia mara nne: 長 ni refu, 友 ni rafiki. 遠藤, Endō: 遠 ni mbali. 南野, Minamino: 南 ni kusini, 野 ni uwanda. 浅野, Asano: uwanda ule ule, na 浅 ni kina kifupi, maji yasiyofika magotini.

Kisha 田, shamba la mpunga, ambayo imejaa kila kikosi. Nakata, aliyechukua ubingwa wa Italia akiwa na Roma mwaka 2001, anaandikwa 中田. Tanaka, aliyefunga bao la ushindi dhidi ya Hispania mwaka 2022, anaandikwa 田中. Herufi ni zile zile mbili, zimebadilishana nafasi tu. Nilikaa nikiwatazama kwa muda: viungo wawili, vizazi viwili, katikati na shamba, shamba na katikati. Sitazisahau hizi mpaka nife.

Zawadi kubwa ya wiki, hata hivyo, ni Maeda. Kanji nyingi huwa na usomaji wa asili ya Kijapani na usomaji uliotoka Kichina, na kujua lini utumie upi ndiko kunakowavunja moyo wanafunzi wengi. Maeda ni 前田, na hapo 前 inasomwa *mae*. Kwenye 前半 inasomwa *zen*. Sasa kumbuka mechi ya hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia la 2022 dhidi ya Kroatia: Maeda aliifungia Japani bao la kuongoza dakika ya 43. Kipindi cha kwanza. 前田 amefunga 前半. Usomaji wote wawili wa herufi moja, ndani ya bao moja. Hakuna kitabu kingeweza kunipangia mfano kama huu, kwa sababu haukupangwa na mtu.

Siku ya 24

Mtego. Jina kamili la Maeda ni Maeda Daizen, na mimi, kwa furaha ya siku ya 21, nikaandika *zen* ya Daizen kwa 前. Si hiyo. Ni 大然, na hiyo 然 ni herufi tofauti kabisa, ile iliyomo kwenye 自然, *shizen*, maumbile ya asili. Sauti moja, herufi mbili. Kikumbusho kinapokuwa kizuri sana huanza kuvuta hata vitu visivyokuwa vyake. Nimetengeneza kadi mbili tofauti, na kila moja imeandikwa neno zima badala ya herufi peke yake.

Siku ya 30

Kadi zimefika 140 na siwezi kuzipitia zote kila siku. Nimechukua utaratibu alioueleza mwandishi wa sayansi Sebastian Leitner mwaka 1972: masanduku matano, kadi ukiijua inasogea mbele na kurudiwa kwa nadra zaidi, ukiikosa inarudi sanduku la kwanza. Kwangu hizi ni ligi tano, za kupanda na kushuka daraja. Daraja la chini, ndilo la kwanza, wanacheza kila siku, la juu, la tano, mara moja kwa mwezi. Sikubuni chochote hapa, nimebadilisha majina tu, lakini kubadilisha majina kumeleta jambo ambalo sikulitarajia: kadi inaposhuka daraja naumia kidogo, na kesho yake naitazama kwa jicho la kutaka irudi juu.

逆転 ilipanda moja kwa moja. 督, herufi ya pili ya 監督, *kantoku*, kocha, imeshuka mara tatu.

Siku ya 38

Katakana leo. Nilidhani hakuna kipya, mpaka nilipopanga maneno ya mpira yaliyokopwa kutoka Kiingereza, ya Kiswahili upande mmoja na ya Kijapani upande mwingine. Kona, *kōnā*. Kipa, *kīpā*. Pasi, *pasu*. Goli, *gōru*. Timu, *chīmu*. Ligi, *rīgu*. Penalti, *penarutī*. Lugha zote mbili zina irabu tano, na zote mbili hazipendi silabi iishie kwenye konsonanti, kwa hiyo neno la kigeni likiingia linapewa irabu mwishoni. Mwanafunzi anayetoka kwenye Kiingereza inabidi azoeze ulimi kuongeza irabu hizo. Sisi tunaongeza tangu utotoni.

Ila urefu wa irabu unatutega. *Kōnā* ina mapigo manne, ko-o-na-a. Nikiitamka kama kona yetu, kwa haraka, nimesema 粉, *kona*, yaani unga. Mchezaji amepiga unga, beki ameruka akaupiga kichwa. Vivyo hivyo *koko* ni hapa, *kōkō* ni shule ya sekondari ya juu. Sasa nayatamka maneno haya nikipiga makofi, kofi moja kwa kila pigo, kama jukwaani.

Siku ya 46

Siku nne sijafungua kitu. Nilijaribu kusoma habari fupi isiyohusu michezo na nikakwama mstari wa pili. Nina maneno ya mpira 210 na siwezi kueleza kwamba treni imechelewa. Swali ambalo nimelikwepa tangu siku ya kwanza limekuja lenyewe: je, hiki ni Kijapani, au ni mpira ulioandikwa kwa herufi nyingine?

Siku ya 52

Nimepata jibu, na limetoka kwenye tangazo la treni. Ilikuwa picha ya ubao wa stesheni: 運転見合わせ. Herufi ya pili naijua. Ni 転 ya *gyakuten*, ile ya kugeuka. 運転, *unten*, ni kuendesha chombo, na tangazo lote linasema safari zimesimamishwa kwa muda. Kutoka hapo nikaifuata: 自転車, *jitensha*, chombo kinachozunguka chenyewe, baiskeli. 回転, *kaiten*, mzunguko.

Nikarudi kwenye kadi zangu za zamani na kuzifungua moja moja kutafuta ndugu zake. 先 ya kutangulia kufunga ni 先 ya 先生, mwalimu, aliyezaliwa kabla, na ya 先週, wiki iliyopita. Na kumbe vyote viwili, 先制 na 先生, vinatamkwa *sensei*. 前 na 後 zinakaa kwenye 午前 na 午後, kabla na baada ya adhuhuri. 場 ya 退場, *taijō*, kutolewa nje kwa kadi nyekundu, ni mahali, na iko kwenye 入場, kuingia ukumbini, na 駐車場, maegesho ya magari. 失 ya 失点, bao la kufungwa, ni kupoteza, na ndiyo inayoanza 失礼, *shitsurei*, neno la kuomba radhi ambalo nimekuwa nikilitamka mwaka mzima bila kujua ndani yake kuna kupoteza adabu. 試 ya 試合, *shiai*, mechi, ni kujaribu, na iko kwenye 試験, mtihani.

Sheria mpya ya mradi: kadi haipandi daraja la tatu mpaka nyuma yake niandike neno moja ambalo herufi ile inalifanyia kazi nje ya uwanja.

Siku ya 61

Leo ni juu ya kufunga bao. Kijapani husema ゴールを決める, *gōru o kimeru*, na *kimeru* ni kuamua. Sisi tunafunga, kwa kitenzi kile kile cha kufunga mlango na kufunga mzigo. Wao wanaamua. Nimekaa na hili asubuhi nzima, maana linafungua mengi: 決勝, *kesshō*, fainali, ni ushindi wa kuamua. 決定, *kettei*, ni uamuzi, wa ofisini hata wa serikalini. 決定力, *ketteiryoku*, nguvu ya kuamua, ndio umaliziaji wa mshambuliaji.

Na kuna lalamiko la miaka mingi la mashabiki wa Japani, 決定力不足, *ketteiryoku busoku*: umaliziaji pungufu. Tazama 不足. 不 ni kukanusha. 足 ni mguu, ile ile ninayoiona upande wa kushoto wa 蹴る, *keru*, kupiga teke. Lakini 足 pia hubeba maana ya kutosha: 足りる, *tariru*, inatosha, na 足りない, haitoshi. Mguu na utoshelevu ndani ya herufi moja. Mshambuliaji anabaki na kipa peke yake, anapaisha juu ya mwamba, na jukwaani mtu anasema 不足. Kwangu “mguu haupo” na “haitoshi” vimekuwa kitu kimoja, na *tariru*, iliyonisumbua tangu mwaka jana, imepanda daraja la nne.

Siku ya 70

Kuna sentensi moja ambayo kila shabiki wa soka la Japani anaijua: 大迫半端ないって, *Ōsako hanpa nai tte*. Mapema mwaka 2009, kwenye mashindano ya kitaifa ya shule za sekondari ya juu, timu ya Yūya Ōsako iliwafunga wapinzani wao, na mmoja wa wachezaji walioshindwa akayasema hayo chumbani huku akilia. Juni 19, 2018, kwenye Kombe la Dunia, Honda alipiga kona, Ōsako akaruka akaweka kichwa, Japani ikaishinda Kolombia 2 kwa 1, na sentensi ikarudi nchi nzima.

半端, *hanpa*, ni kitu cha nusunusu. 半 hiyo ni ya *zenhan* na *kōhan*. ない, hakuna. Ukiisema hivi unamaanisha: si mtu wa nusunusu, ni moto. Sarufi ya darasani ingetaka 半端ではない, na kijana aliyekuwa analia akakata katikati, kisha akamalizia na *tte*, ambayo hapo hufanya kazi ya nakwambia. Nilikuwa nimesoma ukurasa mzima kuhusu *tte* na haukushika. Umeshika leo, kwa sababu najua alikuwa anahisi nini.

Siku ya 78

Kadi 322. Kanji ninazozijua kweli, kwa kipimo kile kile cha siku ya kwanza: 391.

Siku ya 84

Dakika bado zinaniumiza sikioni. 分, dakika, inabadilika kulingana na namba: *nifun*, *sanpun*, *gofun*, *roppun*, *juppun*. Nazisoma kwa mabao. Gündoğan, *sanjūsanpun*. Dōan, *sanjuppun*. Nikikwama kwenye namba narudi kwa aliyefunga, na *pun* au *fun* yake inakuja naye.

Siku ya 90

Kwa mtihani wa mwisho sikutaka mechi niliyoitazama. Nimechukua fainali ya Kombe la Dunia la Wanawake, Julai 17, 2011, Japani na Marekani. Nilijua Japani walichukua kombe. Namna walivyolichukua sikuijua, nilikuwa sijawahi kuisoma kwa lugha yoyote.

0対0 hadi mapumziko. 後半24分, Marekani wanatangulia, 先制. 後半36分, Miyama, 同点. Kamusi nimefungua mara mbili. Kisha neno 延長, *enchō*: 長 ni refu, ya Nagatomo. Ni muda wa nyongeza. 延長前半14分, Wambach, Marekani wako mbele tena. Niliinuka kwenye kiti. Nilijua mwisho wake, na bado nikasoma mistari ile mikono ikiwa baridi, kwa sababu dakika zilikuwa zinakwisha na Wajapani walikuwa bado hawajasawazisha.

延長後半12分. Nikahesabu kwa sauti: 90, na 15, na 12. Dakika ya 117. コーナーキック, mapigo yake yote. Mpira wa Miyama, na mbele ya goli 澤, Sawa, herufi ambayo sikuwa nayo kwenye kadi yoyote.

Kamusi, mara 7. Sawa ameingia daraja la kwanza usiku huu.